Moto wa Landrova ya Stefano

Kama una gari la zamani na una haraka, usisimame kwa Fundi Kondo. Hilo watakwambia hata kina mama wauza chapati wa njia panda ya Nangurukuru, ambao hawana hata baiskeli. Gereji yake iko nyuma ya stendi, chini ya mabati manne yaliyoegemezwa kwenye miti, na ukimpelekea gari lililokatika mkanda wa feni tu, yeye atafungua boneti, atainama na kuanza kunusa. Ananusa kweli, amefumba macho, kama mpishi anayepima mchuzi kwa harufu. Akiipata petroli, hata chembe, safari yako ya siku hiyo imekufa. Utakaa kwenye benchi lake mpaka ajue inatoka wapi.

“Mtungi wako wa kuzimia moto uko wapi?” atamuuliza dereva.

“Uko nyuma, mzee, chini ya mizigo.”

“Kwa hiyo moto ukiwaka huku mbele utawaomba abiria washuke, upakue magunia, ndiyo uzime?”

Dereva atacheka. Kondo hacheki. Atachomoa fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kuishika mbele ya macho ya mwenye gari. “Hii kazi yake ni kufa kabla yako,” atasema. “Waya ukizidiwa, yenyewe inakatika, gari linazima, wewe unatukana lakini unafika nyumbani. Sasa umeikataza kufa. Nani atakufa badala yake?”

Kisha ataanza kutafuta nyaya zilizogugunwa na panya, maana magari mengi ya milimani hulala masika nzima barabara zikiwa matope, na panya nao hupenda injini, hujenga viota vya majani makavu hapo juu utadhani wamekodishiwa. Atafuta mafuta yaliyoganda na vumbi. Atakukatia mpira mpya wa petroli, ule mweusi wenye nyuzi ndani, na kuufunga kwa klempu mbili, zile pete za chuma za kubania, hata kama wako ni mzima. Mwisho atakupa ndoo ya mchanga uiweke karibu na siti, kwa sababu ukimwagia maji petroli inayowaka umeusaidia moto kutembea. Ndoo hizo ndizo zimefanya vijana wa stendi wamwite Bwana Ndoo, naye huitika bila kinyongo.

Wanadhani ni uzee. Ana miaka hamsini na tisa, hajawa mzee kiasi hicho. Wengine wanamsifu kwamba ni fundi mwangalifu kuliko wote kutoka Somanga hadi Lindi mjini, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kwa miaka mitatu hakuna hata mmoja aliyemuuliza uangalifu huo aliununua wapi, na yeye alikuwa akiomba Mungu wasimuulize.

Kondo Likwata alizaliwa juu kwenye milima ya Umatumbi, kwenye kijiji kinachopandwa kwa barabara ya Kipatimu halafu kwa njia nyingine ambayo kuiita barabara ni heshima tu. Baba yake alikuwa na michungwa, mikorosho kidogo na matumaini makubwa kwamba mtoto wake huyu angekuwa mwalimu wa madrasa. Mtoto akawa hakamatiki. Kila akitumwa chuoni alikutwa kwenye karakana ya misheni, amelala chini ya gari la mapadri pamoja na mwenzake Stefano, mtoto wa katekista, wote wawili weusi kwa grisi hata huwezi kusema nani wa msikitini na nani wa kanisani. Walichapwa siku moja, na baba wawili tofauti, kwa kosa moja. Urafiki ulioanza na viboko namna hiyo hauvunjiki kirahisi.

Walipokua wakagawana gari. Stefano alishika usukani, Kondo akashika spana. Padri mmoja alipohamishwa, baba yake Stefano aliinunua Landrova ya misheni, ndefu, ya tangu miaka ya sitini, bati lake limebonyea kila upande, na alipofariki ikawa ya Stefano. Kwa miaka ishirini na zaidi ilikuwa ndilo gari pekee lililopanda kile kilima wakati wa mvua. Ilishusha korosho, ilipandisha saruji na mabati. Ilishusha wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na wapo vijana kule juu wanaoitwa Stefano na wazazi wao ni Waislamu. Ilipeleka maiti na ilileta maharusi, mara nyingine wiki moja. Na kila ilipougua, ilipelekwa kwa mtu mmoja tu duniani, naye ni Kondo wa Nangurukuru.

Sasa hapa lazima niseme jambo kuhusu ufundi wa kwetu. Tunausifu sana, na mimi nimeusifu. Spea ya gari la zamani inatoka Dar es Salaam ikipatikana, na isipopatikana inatoka kichwani kwa fundi. Bawaba ya mlango imekufa, utafunga kwa waya. Gasketi imekwisha, utakata ya boksi. Mteja anafika salama, anakupigia makofi, unavimba kichwa. Hakuna anayerudi kukwambia kwamba dawa ya siku moja uliyompa ameinywa mwezi mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema habari ya mtu anayeuziba ufa kwa karatasi halafu akaita fundi rangi.

Msimu ule wa korosho, miaka mitatu iliyopita, pampu ya petroli ya Landrova ilikufa. Stefano alivutwa na lori mpaka gereji, uso umekunjamana. Magunia ya watu yalikuwa yanasubiri kule juu, mnada ulikuwa karibu, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kunguruma.

“Pampu nitaagiza, itakuja na basi,” Kondo akamwambia. “Wiki moja. Kwa sasa itanyonya dumu.”

Kunyonya dumu si jambo geni kwa madereva wa njia mbaya. Unachukua dumu la petroli, unalifunga juu ya paa, unateremsha mpira mpaka kwenye kabureta inayoilisha injini, na petroli inashuka yenyewe bila kuhitaji pampu. Gari linakuwa kama mtoto wa kambo anayenyonya kwa chupa, lakini linatembea. Siku ile Kondo hakuwa na mpira wa petroli wa kutosha. Jirani kulikuwa na mafundi ujenzi wanapima msingi wa nyumba ya wageni, wana ule mpira mweupe unaopitisha macho, wa kupimia levo, usawa wa msingi, kwa maji. Aliwaomba kipande. Stefano aliufurahia sana.

“Huu mzuri, ndugu yangu. Naiona petroli inavyoshuka, moyo unatulia.”

Klempu nazo hazikuwepo. Kondo alichukua waya wa kufungia nondo, akauzungusha mara tatu kwenye mdomo wa kabureta, akausokota kwa koleo. Alijua, kama kila fundi anavyojua, kwamba mpira ule umetengenezwa kwa maji. Petroli huukausha mpaka uwe mgumu kama ganda, na mpira mgumu haushiki, hujichomoa. Na katika injini ile kabureta na eksozi, bomba la moshi lenye joto kali, vinakaa upande mmoja, vimeshikana. Yote hayo aliyajua. Lakini alijiambia ni wiki moja.

Pampu ilifika Alhamisi. Aliipokea mwenyewe kutoka kwa kondakta, akaiweka kwenye rafu ikiwa ndani ya boksi lake. Gereji ilikuwa na magari matano siku hiyo, kila mwenye gari analia msimu. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, Stefano akapita, injini inanguruma, hata hakushuka.

“Pampu imekuja?”

“Imekuja. Lakini leo nimebanwa, Stefano. Pita kesho.”

“Kesho nashuka na Hasani, mtoto wa Bi Nusaiba. Anakwenda kumchukua mkewe stendi.”

“Basi mkishuka. Saa moja tu nakufungia.”

Stefano akainua mkono, akawasha sigara yake kama kawaida, akaondoka.

Jumamosi hiyo walikuwa wameuacha mlima wote nyuma, wamebakiza mteremko wa mwisho kabla ya kufika barabara ya lami. Waliokuwa mashambani walisema waliona moshi mweupe kwanza, halafu mweusi, halafu moto ukatoka chini ya boneti kwa mshindo wa kufumba na kufumbua. Stefano alisimamisha gari na kuruka nje. Mtu mmoja, kwa nia njema, alikimbia akainua boneti ili amwagie maji, na moto ulipopata hewa ukapanda mpaka kwenye dumu. Hasani alikuwa ameketi kushoto. Mlango wa kushoto ulikuwa hauna kitasa tangu miaka miwili kabla ya hapo, ulifungwa kwa waya. Stefano alizunguka kwenda kuufungua ule waya kwa mikono yake. Alikuwa ameshatoka salama, na akarudi.

Hasani alizikwa siku ya pili asubuhi. Stefano alilazwa hospitali, Lindi mjini, akaishi siku tisa.

Siku hizo tisa ndizo Kondo hawezi kuzisimulia hata kwa mkewe. Habari ilipofika gereji, alielewa kabla mtu hajamaliza kusema. Akaendelea kufungua tairi la lori, na kila aliyempa pole kwa rafiki yake alimwongezea msumari. Mkewe Umi alikwenda hospitali siku ya tatu na uji na machungwa. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akakaa chini.

“Macho yamefunikwa, haoni,” alisema. “Lakini akili anazo. Amekuuliza, baba Jafari. Amesema, Kondo yuko wapi?”

“Nitakwenda.”

Siku ya nane alipanda basi. Akafika mpaka Lindi, akashukia mtaa wa Rasbura, kwa binamu yake, akasema atapumzika kidogo kabla ya kwenda hospitali. Akanywa chai. Akaongezewa. Watoto wa binamu wakamsomea vitabu vyao vya shule, akawasikiliza. Jua lilipoanza kupungua aliaga, akatoka, akavuka barabara, na akapanda basi la kurudi Nangurukuru. Kesho yake Stefano akafa. Mtu aliyerudi motoni kufungua waya kwa mikono yake alimtafuta rafiki yake siku tisa, na rafiki alikuwa Rasbura anakunywa chai. Mimi siwezi kulisema hilo kwa upole, na yeye mwenyewe hajawahi kulitafutia upole.

Kisha likaja kosa la tatu, ambalo ni kubwa kuliko mpira na kuliko chai.

Matanga yalikuwa kwa Stefano, wanaume wamekaa kwenye majamvi, Wakristo na Waislamu pamoja kama ilivyo desturi kule. Mzee mmoja akageuka na kumuuliza Kondo mbele ya wote, kwa heshima, maana yeye ndiye mjuzi: “Hebu tueleze, fundi. Ulikuwa moto wa nini ule?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Watu hamsini kimya, wanangoja. Kondo alifungua kinywa.

“Petroli na moto havikai pamoja, ndugu zangu,” alisema. “Na mnamjua Stefano na sigara yake…”

Akanyamaza. Hakumaliza. Watu wakamalizia wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, na kabla ya machweo kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Stefano ameua mtoto wa watu kwa sigara. Hakusema uwongo, angeweza kuapa. Ndiyo ubaya wake. Uwongo mzima mtu huweza kuukana, lakini neno lililoachwa nusu linazaa bila mwenyewe kuonekana.

Aliyelibeba neno hilo ni Antonia, mjane wa Stefano. Mwanamke huyu aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kanisani alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Kisimani wenzake walimpa nafasi, siyo ile nafasi ya heshima. Na kila msimu, akishavuna, alijitwika debe la mbaazi na kuteremka nalo mpaka nyumbani kwa Bi Nusaiba, mama yake Hasani, akapiga magoti uani na kusema, “Mama, nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya mume wangu.” Bi Nusaiba alilipokea debe, akalimimina, akalirudisha. Hakuwahi kumtukana, na hakuwahi kumwambia inuka. Kondo aliyasikia hayo kutoka kwa wateja wa mlimani, akiwa ameinamia injini. Siku akiyasikia, madereva wa siku hiyo walikaguliwa magari mara mbili.

Ndivyo alivyokuwa fundi mwangalifu. Alidhani ukizuia mioto mia moja, ule mmoja utapunguza ukali. Haukupungua. Umi alimwamsha mara nyingi akiwa anaongea usingizini, na mara zote alikuwa akisema neno lile lile, pita kesho.

Mwaka huu, mwezi wa nane, akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, jina lake Jonas, mtu wa makamo mwenye ugonjwa wa magari ya kizamani. Huyatafuta yalikofia, huyavuta hadi kwake, huyafufua, na siku za sikukuu huyaendesha mjini pamoja na wenzake wenye ugonjwa huo huo. Alikuwa amesikia kuna fremu ya Landrova ndefu milimani, imeungua lakini chasisi na ekseli ni nzima. Alikuja na lori na vijana wa kupakia, na akaomba fundi anayelijua gari lile akamsaidie kufungua magurudumu. Wakamwonyesha Kondo.

Angeweza kukataa. Alikubali, na hata leo hajui kwa nini.

Mabaki yalikuwa nyuma ya nyumba ya Antonia, yamezungukwa na majani marefu. Kondo hakuwahi kuyaona tangu siku yalipovutwa pale. Antonia aliwakaribisha vizuri, akamwita shemeji kama zamani, akaenda jikoni kuchemsha chai. Jonas akachuchumaa mbele ya injini, akafukua majivu na kutu kwa bisibisi.

“Shikamoo yangu hukuijibu, mzee, umeduwaa,” alitania.

“Marahaba. Nilikuwa mbali.”

“Waliniambia ni sigara.”

“Ndivyo wanavyosema.”

“Sigara!” Jonas akatikisa kichwa. “Kishungi cha sigara kuwasha petroli ni kazi kweli kweli. Mimi nimepoteza magari mawili kwa moto, na mwenzangu moja. Mawili mpira wa petroli, moja waya uliochubuka. Haya ya kizamani yanakufa hivyo, mzee. Mpira unazeeka, mtu anaangalia rangi ya bodi.” Akasogea. “Ona hapa. Moto umeanzia kwenye kabureta, bati limeyeyuka hapa kuliko kwingine kote. Na hapa hapakuwa na klempu. Mtu kafunga waya wa nondo, mizunguko mitatu.”

Waya ulikuwepo kweli. Kila kitu kimeungua, ule waya umebaki, mwekundu kwa kutu, umesokotwa vizuri.

“Tena aliyefunga ni wa mkono wa kushoto,” Jonas akaendelea. “Angalia ulivyosokotwa kwenda…”

Akakatiza. Spana ilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Kondo. Jonas aliitazama ile spana, akamtazama mwenye nayo usoni, na akasimama polepole akijipangusa magoti. Hakuwa mtu mbaya. Aliangalia upande wa jikoni, akateremsha sauti.

“Yaliyopita si ndwele, mzee wangu,” alisema. “Sisi tunapakia, tunaondoka nayo. Kule kwangu hii kabureta natupa.”

Na Kondo, Mungu amsamehe, alihisi kifua kikifunguka. Vijana walikuwa wameshatandika mbao za kupandishia. Robo saa, na ushahidi pekee duniani ungeteremka mlima, uvuke daraja la Mkapa, ukafie jalalani Dar es Salaam. Hakuna ambaye angelijua tena. Alikwenda kwenye gurudumu la mwisho, akalegeza nati ya kwanza, na ya pili.

Antonia akaja na chai kwenye sinia. Alisimama akiitazama Landrova, na Kondo aliona kwamba amezeeka miaka kumi ndani ya mitatu.

“Lichukueni tu,” alimwambia Jonas. “Hata mngelitaka bure ningewapa. Kila nikitoka nje asubuhi nalitazama, namuuliza, Stefano, si nilikwambia uache sigara? Miaka yote nilikwambia. Usiku namwomba Mungu ampunguzie adhabu kwa damu ya yule kijana. Likiondoka pengine na mimi nitaacha kumlaumu. Nimechoka kumlaumu, baba. Nilimpenda.”

Kondo akaweka spana chini.

“Shemeji,” alisema. “Haikuwa sigara.”

Antonia alimgeukia akiwa bado ameshika sinia.

“Ulikuwa mpira. Niliufunga mimi.” Akaunyooshea kidole ule waya. “Ulikuwa mpira wa maji, si wa petroli, na nilijua. Nilifunga kwa waya, na nilijua. Ulichomoka, petroli ikamwagikia eksozi. Stefano hakufanya kosa lolote. Mimi ndiye.”

Jonas aliwapungia vijana wake mkono waache kazi. Antonia alitafuta mahali pa kuweka sinia, akaiweka juu ya bati la Landrova. Alipoongea, aliongea taratibu, kama anayehesabu ngazi gizani.

“Pampu uliyomwagizia. Ilifika lini?”

“Alhamisi.”

“Moto ulikuwa Jumamosi.”

“Ndiyo.”

“Ijumaa alishuka. Alikuja kwako?”

“Alikuja. Nikamwambia pita kesho.”

Antonia aliinama, mikono kwenye magoti. Kondo alisogea hatua moja, naye akanyoosha kiganja kumzuia bila kuinua kichwa. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa wote, na hakuufuta.

“Alikuwa amelala kule Lindi hawezi hata kumeza mate, anauliza, Kondo amekuja? Mimi nikawa nakutetea. Nikamwambia shemeji ana kazi nyingi, msimu huu. Nilikutetea, Kondo.”

Hakumwita shemeji.

“Na pale matangani,” alisema, “uliposema sigara yake. Nilikuwa mlangoni, nakusikia. Nilisema, kama Kondo anasema, basi ni kweli. Miaka mitatu nimepiga magoti kwa watu kwa ajili ya neno lako.”

“Nisamehe.”

“Sijafika huko. Wala sijui kama nitafika.” Akajifunga kanga upya, akaikaza. “Twende kwa Bi Nusaiba. Sasa hivi, kabla hujapata kazi nyingine.”

Waliteremka kwa miguu, Antonia mbele, Kondo nyuma kama mfungwa asiye na pingu. Jonas alibaki kwenye sinia ya chai na mabaki yake. Njiani watu waliwasalimia wakaona Antonia haitikii, wakajua kuna jambo, na wawili watatu wakawafuata kwa mbali.

Bi Nusaiba alikuwa uani anachambua mchele. Ni mwanamke mwembamba, mnyamavu. Alipomwona Antonia alidhani ni ziara ya kawaida, akasogeza ungo.

“Shikamoo, mama,” Antonia alisema.

“Marahaba.”

“Leo sipigi magoti. Kuna mtu ana neno lako.”

Kondo alisimama katikati ya ua na kusema. Mara hii alisema kila kitu kwa mpangilio, pampu, mpira, waya, Alhamisi, Ijumaa, mpaka neno lake la matangani. Bi Nusaiba hakumkatiza. Mchele ulikuwa umeacha kucheza kwenye ungo. Alipomaliza, mama yule alimtazama Antonia, si yeye, kisha akapiga mkekani pembeni yake kwa kiganja.

“Njoo ukae hapa, mwanangu,” alimwambia. “Njoo. Mimi nimekukosea.”

Antonia alikwenda akakaa, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, kichwa kwenye bega la yule mama. Kondo alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia kaa na hakuna aliyemwambia ondoka. Alidhani yamekwisha. Alikuwa ameshaanza kugeuza mguu.

“Wewe ngoja,” Bi Nusaiba alisema. “Baba yake Hasani yumo ndani. Hajakusikia. Tangu tumzike mtoto masikio yake yamekufa, itabidi useme kwa nguvu.”

Akaingia ndani na kumtoa mzee kwa kumshika mkono. Alikuwa mzee mrefu aliyepinda, kikoi na shati la kijivu, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine ameukinga sikioni. Akaletewa kiti. Nje ya ua, wale wawili watatu walikuwa wamekuwa kumi na tano, na wengine walikuwa wanakuja.

“Nani huyu?” mzee aliuliza.

Kondo alivuta pumzi. Alipaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza maishani, mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

“Ni mimi, mzee wangu! Kondo! Kondo fundi!”

“Una nini?”

“Nimemuua Hasani! Nimemuua na Stefano! Stefano hana kosa!”

Mzee aliinamisha kichwa upande wa sikio zuri. “Sijakupata,” alisema. “Sema tena.”

Na Kondo akasema tena.